Chombo Nacho Kina Fungu Lake



Somo letu safari hii tumelitoa baharini. Tunajua wengi wenu mko Ukambani, Magharibi na pande za Mlima Kenya, na wengine hamjawahi kuonja maji ya chumvi. Lakini msifunge jarida mkisema, "Hayo ni ya watu wa Pwani." Kikundi chenye mashine ya kusaga kina chombo chake. Kikundi chenye pampu ya maji, ng'ombe wa kulimia, au hema na viti vya kukodisha, pia kina chombo chake. Someni mpaka mwisho, na huenda mkaona ni ninyi tunaowasema.

Namna ya kutumia somo hili: mtu mmoja asome kwa sauti, pole pole, na wengine wasikilize. Mkifika mwisho, gawanyikeni watu watatu watatu mjadiliane maswali. Msiharakishe kwenda kwa maswali kabla ya kusikia habari yote.

KIKUNDI NA MASHUA YAKE

Kikundi tulichokitembelea kiko pwani ya kusini, kaunti ya Kwale, upande wa Shimoni. Walituomba tusiwataje kwa jina nasi tukakubali, kwa maana walitufungulia mambo yao bila kuficha. Wanachama ni 21. Tisa ni wavuvi wanaume. Waliobaki ni kina mama, na wengi wao ni mama karanga, yaani wale wanaonunua samaki ufuoni, wakawakaanga na kuwauza.

Walichanga kwa miaka mitatu. Wavuvi walitoa sehemu ya mapato yao, kina mama wakatoa faida ya samaki, mandazi na vitumbua. Wakanunua mashua ya mbao yenye tanga. Baadaye wakaongeza mashine ndogo ya kusukuma mashua. Siku ya kuizindua mashua palikuwa na ngoma na pilau, na hotuba zisizopungua nne.

Sisi tulipofika, mashine ilikuwa imelala ndani ya nyumba ya mweka hazina, imefunikwa gunia. Tukauliza imeharibika nini. Wakasema, "Ah, kitu kidogo tu." Hicho kitu kidogo kilikuwa na miezi saba.

Tukaomba kwenda nao baharini siku moja, tuone kazi yenyewe. Nahodha akatutazama viatu vyetu, akacheka, akasema, "Njooni saa kumi na moja alfajiri. Viatu viacheni nyumbani."

KUSOMA UPEPO NA MAJI

Ulikuwa mwezi wa Februari. Tulikuwa watu sita: nahodha, wavuvi watatu, na sisi wawili wa jarida. Mzee nahodha hakutuambia tupande. Alisimama kwanza kwenye mchanga, akageuza uso huku na huku kama mtu anayesikiliza. Kisha akatufundisha, nasi tunawapa ninyi vile tulivyoelewa.

Pwani yetu ina pepo mbili kubwa. Kaskazi huvuma kuanzia karibu mwezi wa Desemba mpaka Machi, na bahari huwa na upole wa kiasi. Kusi huja kuanzia Aprili na kuendelea mpaka karibu Septemba, na huleta mawimbi makubwa. Wakati wa kusi vyombo vidogo hubaki ndani ya miamba, na siku nyingine havitoki kabisa. Lakini hata ndani ya kaskazi, kila siku ina tabia yake. Alfajiri kuna umande, upepo mwepisi unaotoka nchi kavu kwenda baharini. Huo ndio unaomtoa mvuvi. Mchana kaskazi yenyewe huamka, na huo ndio unaomrudisha. Mvuvi anayechelewa kutoka hukosa wa kumtoa, na anayechelewa kurudi hukutana na wenye nguvu kuliko tanga lake.

Halafu kuna maji. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na kati ya kujaa na kupwa ni kama saa sita. Kila siku maji huchelewa kwa karibu dakika 50, kwa hivyo mvuvi hawezi kusema, "Jana maji yalijaa saa fulani, na leo ni vile vile." Mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti yake hufika karibu mita 4, na mkondo huwa mkali. Mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, na mkondo hutulia. Siku yetu mwezi ulikuwa nusu.

"Haya," akasema nahodha. "Sasa pandeni."

Ndani ya mashua tulikuta mishipi na ndoana, ndoo ya chambo cha ngisi, boksi lenye barafu kidogo, unga na sufuria, nanga, makasia mawili, na upo. Upo ni chombo cha kukumbia maji yanayoingia ndani ya mashua. Huu ulikuwa jerikeni lililokatwa katikati. Maboya ya kuvaa ya kuokolea maisha yalikuwa mawili tu. Nahodha akatuvisha sisi wageni. Tuliyavaa kwa aibu, maana mdogo wetu humo ndani, kijana wa miaka kumi na tisa, hakuwa na lolote.

Kijana huyo hakuanza na tanga wala mshipi. Alianza na upo. Tuliona akikumba maji, kisha akaketi. Baada ya nusu saa akakumba tena. Tukadhani ndiyo kawaida ya mashua.

KWENYE MWAMBA

Tulipita mlango wa bahari ulio kati ya Shimoni na kisiwa cha Wasini, umande ukitusukuma taratibu. Jua lilitoka tukiwa tumeshaanza kukizunguka kisiwa. Mbele yetu vikaonekana visiwa vidogo vya Mpunguti, na mbali zaidi upande wa Kisite.

Hapa nahodha alitupa somo lingine. Sehemu ile ina mipaka, tangu miaka ya 1970. Kisite ni mbuga ya baharini, na ndani yake hakuna ruhusa ya kuvua hata samaki mmoja. Mpunguti ni hifadhi, na mvuvi anaruhusiwa kuvua kwa zana za kienyeji kama mshipi na lema. Askari wa wanyamapori hupita wakikagua. Tukamwuliza kama mipaka hiyo haimuudhi. Akasema, "Zamani iliniudhi sana. Siku hizi naona pale ni kama ghala la mbegu. Samaki wakijaa kule, wengine hutoka wenyewe wakaja huku kwangu."

Alisema pia juu ya juya, ule wavu mrefu wa kukokota unaozoa kila kitu, wakubwa na watoto wao, na kuvunja matumbawe. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku juya mwaka 2001, pamoja na bunduki za mishale za kuvulia. "Mwenye juya anakula samaki wa mwanawe," akasema.

Tukatia nanga pembeni mwa mwamba. Wavuvi wakatia chambo kwenye ndoana, wakaachia mishipi mpaka chini, wakaishika kwa kidole kama mtu anayepima mapigo ya mgonjwa. Alitoka changu, akatoka changu wa pili, kisha tewa mwenye mdomo mpana. Mmoja wetu alishika kolekole, akapiga kelele mpaka wote wakacheka. Kisha tukaenda kwenye malema, yaani mitego ya kusuka inayolazwa chini ya bahari. Yalikuwa matano. La kwanza lilikuwa na tafi sita. La pili lilikuwa na pono watatu na tafi wawili. Nyuso zikafunguka. Mvuvi mmoja, baba mwenye watoto wawili wa sekondari, akaanza kuimba.

Lakini tuliona jambo. Kijana wa upo hakuketi tena.

MAJI NDANI YA MASHUA

Saa nne asubuhi nahodha aliinua mbao za kukanyagia, akaingiza mkono chini. Pamba ilikuwa imetoka kwenye mshono kati ya ubao na ubao. Akachana kipande cha kikoi chake, akakisukuma ndani ya mshono kwa ncha ya kisu. Maji yakapungua, hayakukoma.

Kwa wale wasiojua mashua, wacha tueleze. Mashua ni mbao zilizopigiliwa misumari pamoja, na kati ya ubao na ubao kuna mwanya mwembamba. Fundi huuziba mwanya huo kwa kalafati: pamba iliyosokotwa na kulowekwa mafuta, ikagongwa ndani kwa patasi na nyundo. Sehemu inayokaa majini hupakwa chokaa iliyochanganywa na mafuta ya mnyama. Kuna pia wadudu wa baharini wanaotoboa mbao kimya kimya, na dawa yake ya kienyeji ni kuipandisha mashua ufuoni na kupitisha moto wa makuti chini yake. Kazi hizi si za mara moja. Pamba huoza, chokaa huliwa na maji, na misumari hushika kutu. Mashua isiyopandishwa kwa fundi kila msimu itaanza kunywa maji, na kwanza itakunywa kidogo kidogo.

Hii ilikuwa haijapandishwa kwa mwaka mmoja na nusu.

Kufika saa tano, kaskazi iliamka mapema kuliko tulivyotazamia. Bahari iliyokuwa ya kijani ikawa na vilele vyeupe. Nahodha akatazama angani, akamtazama kijana mwenye upo, akasema neno moja: "Tunarudi."

Yule baba wa watoto wawili akasema, "Bwana nahodha, malema matatu bado. Na samaki ndio kwanza wameanza kula. Tukirudi sasa, leo nitapeleka nini nyumbani?"

Nahodha akamjibu bila kupandisha sauti. "Mwanangu, samaki wa leo watakuwapo kesho. Mashua hii sina hakika nayo."

Ng'oa nanga, pandisha tanga, wakalipunguza lisichukue upepo wote. Kila wimbi lililotupiga ubavuni liliacha maji ndani. Kijana alikumba kwa upo, na mmoja wetu akakumba kwa sufuria ya ugali. Hakuna aliyeimba wala kuzungumza. Tulikuwa tukihesabu mioyoni: watu sita, maboya mawili, na mashine ya kusukuma imelala nyumbani chini ya gunia. Hapo ndipo tulipofahamu maana ya "kitu kidogo tu."

Kwa rehema za Mungu tulifika nyuma ya kisiwa ambako maji yametulia. Nahodha akashusha pumzi, akasema, "Alhamdulillahi." Kijana akauachia upo, na mikono yake ilikuwa ikitetemeka. Nahodha akamwambia, "Leo wewe ndiye uliyetuvusha, siyo mimi."

UFUONI

Mtu wa tajiri alikuwa anangoja na mizani yake. Samaki walikuwa kilo 18. Kwa siku nzima yenye malema matano wangekuwa zaidi, lakini ndio waliokuwapo. Akawachukua wote, akaandika kwenye daftari lake, akaondoka nao.

Pembeni walikaa mama karanga wanane wa kikundi hicho hicho, kila mmoja na beseni lake. Tukashangaa. Kwa nini hawakununua wao? Wakatueleza. Mwaka uliotangulia tanga lilichanika na mishipi ikaisha. Fungu la chombo halikuwa na kitu. Wakaenda kwa tajiri, akawakopesha. Sharti lake lilikuwa kwamba samaki wote wauzwe kwake, kwa bei yake, mpaka deni liishe. Sasa mama hao wanakwenda kununua kwake samaki waliovuliwa na mashua yao wenyewe.

Hatumsemi tajiri vibaya. Alitoa pesa yake siku ambayo hakuna mwingine aliyetoa. Swali ni hili: kwa nini siku hiyo kikundi hakikuwa na akiba yake?

HESABU MCHANGANI

Jioni wanachama walikutana chini ya mwembe. Tuliwaomba tufanye hesabu pamoja, si kwa kalamu, bali kwa kokoto mchangani, ili kila mtu aone kwa macho. Bei tunazotumia hapa ni za kufundishia tu. Ninyi tieni bei za kwenu.

Tuseme tajiri analipa shilingi 200 kwa kilo. Kilo 18 ni shilingi 3,600. Toa gharama za safari, yaani chambo, barafu na chakula, shilingi 600. Zinabaki 3,000.

Desturi ya kugawa hutofautiana bandari hata bandari. Kikundi hiki katika sheria yake kiliandika mafungu sita: manne ya watu wanne wa mashua, moja la chombo, na moja la zana, yaani mishipi, malema na tanga. Kwa hivyo kila fungu ni shilingi 500.

Tukauliza, "Je, ndivyo mnavyogawa?" Kimya. Kisha yule baba wa watoto wawili akasema ukweli, na tunamheshimu kwa hilo. "Zamani tuligawa hivyo. Halafu siku moja samaki walikuwa kidogo, tukasema leo tu, tugawane yote wanne. Tukapata 750 kila mmoja badala ya 500. Kesho yake pia walikuwa kidogo. Basi ikawa ndiyo kawaida."

Mnaona? Hakuna mwizi hapa. Kuna baba mwenye karo. Shilingi 250 zaidi ni unga na sukari. Lakini hebu tuhesabu upande wa pili.

Fungu la chombo na la zana pamoja ni shilingi 1,000 kwa siku. Mashua ikitoka siku 12 kwa mwezi, ni 12,000. Kwa miezi mitatu ni 36,000. Tuseme kupiga kalafati na kupaka chokaa, pamoja na ujira wa fundi, ni 24,000. Basi miezi miwili ya mafungu hayo ingetosha, na ingebaki akiba ya kuanzia kutengeneza mashine.

Sasa tazameni tajiri. Kina mama walisema samaki hao wangeweza kuuzwa shilingi 250 kwa kilo ufuoni pale pale. Kilo 18 zingeleta 4,500. Tofauti ni shilingi 900, kwa siku moja. Walikataa kumpa chombo 500 zake, na sasa deni linawatoza 900. Kikundi kilidhani kinakula fungu la chombo, kumbe fungu la chombo linakila kikundi.

Tukapanga kokoto mara ya tatu. Kama hakuna deni: 4,500, toa gharama 600, zinabaki 3,900. Gawa mafungu sita, kila fungu ni 650. Mvuvi anapata 650 halali, na chombo na zana zinapata 1,300. Mvuvi amekosa shilingi 100 tu kuliko alipokuwa akila yote. Lakini ana mashua isiyokunywa maji, na anaweza kungoja malema matano badala ya kukimbia na mawili.

Hapo mama mmoja mzee, ambaye alikuwa kimya tangu mwanzo, aliinuka. "Wanangu, mimi sijui kuogelea na sijawahi kukaa ndani ya mashua ile. Lakini mbao zake mbili au tatu ni vitumbua vyangu. Mkila fungu la chombo, mnakula vitumbua vyangu mara ya pili, na safari hii bila kunilipa."

Watu walicheka, kisha wakanyamaza. Wengi walikuwa wamesahau kwamba fungu la chombo si la wanaopanda chombo. Ni la wanachama wote 21.

UAMUZI WAO

Jambo gumu lilibaki. Mashua ikipandishwa kwa fundi, haitoki kwa wiki nzima. Wavuvi wanne na familia zao watakula nini wiki hiyo? Wakati wa kusi ingekuwa rahisi, maana vyombo vingi hupumzika. Lakini mashua hii haikuweza kungoja kusi. Kijana wa upo alisema wazi kwamba yeye hatatoka tena mpaka itengenezwe. Mmoja akamwita mwoga. Nahodha akamkemea aliyesema.

Walizungumza mpaka giza likaingia. Mwishowe waliamua hivi:

1. Kina mama wenye mchango wa mzunguko wataahirisha zamu moja, na pesa hiyo iwe mkopo: sehemu kwa fundi na pamba, sehemu kwa unga wa familia nne kwa wiki hiyo. Italipwa kutoka fungu la chombo.

2. Wavuvi wenyewe watamsaidia fundi, ili ujira upungue.

3. Fungu la chombo na la zana yatatolewa ufuoni, kabla mtu yeyote hajapokea lake. Atakayepokea ni katibu, mama ambaye si mtu wa mashua. Yataandikwa katika daftari mbele ya watu wawili.

4. Sanduku litakuwa na kufuli mbili, na funguo zitakaa kwa watu wawili wa nyumba mbalimbali.

5. Kila mwezi watanunua boya moja la kuvaa, mpaka kila anayepanda awe na lake. Mpaka hapo, mdogo kuliko wote ndiye avae kwanza.

Tulipita tena mwezi wa Juni. Tunawaambia tulichokiona, hatuongezi chumvi. Mashua ilikuwa imepigwa kalafati, na tulipoinua mbao za kukanyagia, chini palikuwa pakavu. Maboya yalikuwa matano. Mkopo wa kina mama ulikuwa umebaki kidogo. Deni la tajiri halijaisha, lakini walikubaliana naye wamlipe pole pole kwa pesa, naye akawaachia nusu ya samaki wauzwe kwa mama karanga. Mashine bado ililala chini ya gunia lake. Na mwezi mmoja, samaki walipokuwa haba, watu wawili walitaka fungu la chombo liguswe "leo tu." Katibu akakataa. Walinuna wiki mbili.

Hivyo ndivyo maendeleo yalivyo.

MAMBO YA KUSHIKA

Chombo cha kikundi hakisemi, hakilalamiki, na hakina watoto wa shule. Ndiyo maana fungu lake huliwa kwanza. Lazima awepo mtu wa kulisemea.

Fungu la chombo litolewe kabla ya kugawana, siyo baada. Kinachongoja mwisho hukuta mabaki.

Anayelishika asiwe yule anayekitumia chombo.

Gharama ya kutengeneza ina pande mbili: fundi na vipuri upande mmoja, na siku ambazo chombo hakifanyi kazi upande wa pili. Wekeni akiba ya yote mawili.

Neno "leo tu" liogopeni kuliko mwizi. Mwizi mtamkimbiza. "Leo tu" mtaikaribisha wenyewe.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Chombo cha kikundi chetu ni kipi? Mara ya mwisho kufanyiwa ukarabati ilikuwa lini? Nani anajua kwa hakika?

2. Katika habari hii, nahodha aliacha malema matatu. Je, kikundi chetu kimewahi kuacha faida ya siku moja ili kuokoa kitu kikubwa? Ilikuwaje?

3. Yule baba alikuwa na makosa? Kama ungekuwa wewe na karo ya watoto wawili, ungefanya nini? Kikundi kingemsaidiaje bila kugusa fungu la chombo?

4. Kati yetu, nani yuko kama mama wa vitumbua, aliyetoa mchango lakini hasikiki? Nani yuko kama kijana wa upo, anayeona hatari kwanza na kuitwa mwoga?

5. Chukueni kokoto. Pangeni mapato ya siku moja ya chombo chenu, gharama, na mafungu. Tafuteni: chombo kinahitaji kiasi gani kwa mwaka, na sasa kinapewa kiasi gani?

Kazi ya nyumbani: kabla ya mkutano ujao, watu wawili waende wakakague chombo chenu kwa macho na kwa mikono, kama nahodha alivyoinua mbao akaingiza mkono chini. Watoe ripoti ya waliyoyaona, yaliyo mema na yaliyo mabaya.

Tuandikieni mkishafanya hesabu yenu. Barua za vikundi vitatu vinne tutazitoa katika toleo lijalo, na asiyetaka jina lake litajwe, hatutalitaja.